Ushauri: mkanda wa kamera usioumiza shingo na usioachia mzigo

Kitazamio

Wakuu, habari za humu.

Naomba ushauri kuhusu mkanda wa kamera. Mzigo wangu ni Canon EOS R5 na lenzi ya RF 24-70mm f/2.8, na mara nyingi nabadilisha naweka RF 70-200mm f/2.8. Ni kazi za shughuli, saa nane hadi kumi nimesimama. Natumia mkanda uliokuja na kamera, nauvaa shingoni. Shingo inakaza mapema, jasho likiingia ukingo wa mkanda unakwaruza, na nikiinama kamera inabembea mbele yangu kama kengele.

Nataka nisiumie, kamera isidondoke, na mtu asiinyakue kirahisi kwenye msongamano. Kuna mikanda ya kufunga kwa skrubu chini ya kamera. Wengine wanaisifia, wengine wanasema inaachia. Ukweli ni upi? Pia nina Fujifilm X100V ya kutembelea, na hiyo sitaki ivae limkanda likubwa kuliko yenyewe.

Nawasilisha.

UtepeImara

Karibu mkuu. Tuanze na mizani. R5 ikiwa na betri na kadi ni gramu 738. Lenzi yako ya 24-70 ni gramu 900, jumla kilo 1.64. Ukiweka 70-200, ambayo ni gramu 1,070 bila kishikio chake cha tripodi (pete ya kuifunga lenzi kwenye stendi ya miguu mitatu), umevuka kilo 1.8. Mzigo huo si wa shingo, hata mkanda ungekuwa wa sufi. Hamishia begani na uvae mshazari: mkanda upite bega la kushoto, kamera ikae nyonga ya kulia, mkono wa kulia uufikie mshiko bila kuutafuta.

Upana wa sehemu ya begani uwe sm 4 hadi 5. Mwembamba unakata. Mpana kupita kiasi haulali vizuri kwenye mteremko wa bega, kwa hiyo ukingo wa upande wa shingo ndio unaobeba kila kitu na unarudi kwenye mkwaruzo uleule.

Mikanda laini ya neopreni (mpira laini unaovutika) inadanganya dukani. Ukiinua kamera unaiona nyepesi kwa sababu mkanda unavutika, lakini ukitembea inarukaruka, kila hatua inavuta bega, na joto likipanda neopreni haipumui. Kwa mtu anayekaa sehemu moja inafaa. Kwa mtu anayezunguka ukumbini siku nzima, mimi sishauri.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: geuza mkanda utazame upande wa chini. Ukiwa na mpira au vidoti vya kung'ang'ania, umetengenezwa kwa kuning'iniza kwenye bega moja, usiteleze. Ukiuvaa mshazari, kila ukiinua kamera machoni utavuta shati zima pamoja nao. Mshazari unataka upande wa chini ulio laini, kama utepe wa mkanda wa kiti cha gari, au muundo ambao mkanda unatulia begani na kamera ndiyo inayoteleza kwenye utepe mwembamba.

Hesi_Robo

Nijibu la skrubu, maana linasemwa sana bila kuelezwa.

Tundu la chini ya kamera ni la skrubu ya robo inchi, nyuzi 20 kwa kila inchi. Likifungwa sawasawa linabeba mzigo wako bila shida. Huwa linalegea kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni kizungushio kilichokwama. Kati ya skrubu na karabina (ndoano ya chuma inayofunguka, ya kuunga mkanda) kuna kipande kinachotakiwa kuzunguka chenyewe. Kikiingia mchanga au kutu hakizunguki tena, kwa hiyo kila kamera inapogeuka nyongani, mzunguko ule unaishia kwenye skrubu. Kidogo kidogo inafunguka bila wewe kuona. Shika skrubu kwa vidole viwili, zungusha pete yake: ikikwaruza au kukwama, safisha au tupa.

Ya pili ni washa ya mpira (kile kiduara kati ya skrubu na kamera) iliyochoka. Ndiyo inayoshika skrubu isirudi nyuma. Ikiwa imekuwa ngumu, inang'aa na imebonyea moja kwa moja, haina kazi.

Ya tatu ni skrubu ndefu. Ikizidi mm 5.5 inaweza kugusa mwisho wa tundu kabla washa haijabanwa. Mkononi unahisi imekaza, kumbe imekaza chini na juu kuna nafasi. Ukiendelea kukaza kwa nguvu unaharibu tundu lenyewe. Dalili yake ni kwamba skrubu imekataa kuzunguka lakini washa bado unaweza kuisukuma kwa ukucha.

Kufunga: kaza kwa mkono mpaka washa iguse, kisha robo mzunguko zaidi kwa sarafu. Usitumie koleo. Usitie gundi ya nati. Zipo zinazokula plastiki, na siku ya kuifungua utajuta. Badala yake weka kitone cha rangi ya kucha kwenye kichwa cha skrubu, na kipande kidogo cha utepe wa gundi kwenye kamera mkabala nacho. Kitone kikihama hata kidogo, skrubu imezunguka. Unatazama kila unapobadilisha betri, basi.

MasikioMawili

Nakubaliana na maelezo ya Hesi_Robo, ila sikubali hitimisho lake. Skrubu ni kiungo kimoja. Kikiachia, hakuna wa pili wa kudaka. Kamera imepewa masikio mawili, zile nafasi za mkanda pembeni juu, na yameshikwa na mwili wa kamera. Kwa nini uyaache?

Anayependa kamera ilale lenzi ikitazama chini afanye hivi: ncha moja ya mkanda kwenye sikio, ncha nyingine kwenye sahani, kile kipande bapa kinachofungwa kwa skrubu chini ya kamera. Kamera inalala vizuri nyongani, na kiungo kimoja kikishindwa cha pili kinabaki. Aliyekwisha kununua mkanda wa skrubu aongeze kamba fupi ya usalama kutoka sikio hadi kwenye utepe wa mkanda wenyewe. Isifungwe kwenye karabina, kwa sababu karabina ikivunjika kamba inaondoka nayo.

Kuhusu 70-200: usiining'inize kwa mwili wa kamera. Lenzi inageuka mtaimbo unaolemea pale inapoungana na kamera. Funga kwenye mguu wa kishikio cha lenzi. Ila kishikio cha RF 70-200 kinafunguka na kutoka, kwa hiyo kitasa chake kikilegea kinachodondoka ni kamera na lenzi kwa pamoja, huku mkanda na kishikio vimebaki begani kwako. Kaza kitasa kila unaposhika lenzi hiyo, na kamba ya usalama iende kwenye sikio la kamera.

Hesi_Robo

Hapo kwenye kamba ya usalama tuko pamoja. Niongeze moja tu: skrubu ya chini inaziba tripodi, na kwenye kamera nyingine inaziba mlango wa betri. Ukitumia sahani ya tripodi aina ya Arca (ile inayobanwa moja kwa moja kwenye kichwa cha tripodi) yenye tundu la mkanda pembeni, unapata vyote viwili bila kufungua na kufunga.

Kitazamio

Asanteni sana. Naelekea kwenye sikio na sahani ya chini. Maswali mawili: urefu napimaje, na mkanda unapitishwaje sikioni usiteleze? Wa kwangu ncha zinaning'inia nje na moja imeanza kurudi.

UtepeImara

Kurudi kwa ncha ndiyo hatari yenyewe mkuu, shughulika nayo leo kabla hujanunua chochote. Umepitisha mara moja tu kwenye bizimu. Fungua, urudie hivi juu ya kitanda:

Toa ncha yote kwenye bizimu na kwenye kile kipete cha plastiki. Rudisha kipete kwenye utepe kwanza, maana wengi hukisahau wakaanza upya. Pitisha ncha kwenye sikio la kamera kutoka nje kuja ndani, kisha irudishe juu kupitia kipete. Sasa utepe una tabaka mbili.

Hatua inayofuata ndiyo ya maana. Utepe uliomo tayari kwenye bizimu ulegeze utengeneze kidaraja. Ncha ipite chini ya kidaraja hicho, katikati ya utepe na bizimu, itokee upande wa pili. Vuta mpaka ibaki sm 5 kupita bizimu, halafu kaza kidaraja juu yake. Ncha sasa imebanwa kwa ndani, haionekani nje, na kamera ikizidi kuvuta ndivyo bizimu linavyozidi kuibana. Sukuma kipete kishuke mpaka karibu na sikio.

Jaribio: shika kamera kwa mkono mmoja, mkanda kwa mwingine, vuta kwa nguvu mara tano. Weka alama ya kalamu pale utepe unapoingia kwenye bizimu. Alama ikihama, hujapitisha sawa.

Urefu: vaa mshazari, mikono ishuke. Chini ya kamera pawe usawa wa mfupa wa nyonga, kiwiko kikikunjika kidogo tu ukishika mshiko. Ikishuka hadi pajani itagonga kila meza na kila kiti. Ikipanda hadi mbavuni hutaweza kuinua mpaka jichoni bila kuvuta bega. Pima ukiwa umevaa nguo za kazi, koti likiwemo.

Bi_Shata

Na msiweke kamera mezani huku mkanda ukining'inia ukingoni. Mpita njia mmoja, mtoto mmoja, imekwisha. Uzungushe kwenye lenzi au uuweke juu ya meza.

MasikioMawili

Sasa la X100V. Hiyo ni gramu 478 na betri, mkanda wa mkononi unaitosha, au wa shingoni wa upana wa sm 1 hadi 1.5. Masikio yake ni ya duara na yanataka pete ndogo ya chuma, zile za kujizungusha kama za funguo. Angalia mambo mawili. Pete isiwe imepanuka: ukiona mwanya kati ya mizunguko yake miwili, badilisha, kwa sababu kamba nyembamba itatokea hapohapo. Pili, weka kikinga cha ngozi au plastiki kati ya pete na mwili wa kamera, la sivyo pete itachora nusu duara kwenye rangi.

Kama utatumia vifungo vya kubonyeza vyenye kamba nyembamba, kamba ipite kwenye pete, isipite moja kwa moja kwenye sikio lenye ukingo mkali. Ukingo ule unaikata taratibu kama msumeno. Kwenye baadhi ya vifungo hivyo kamba ina rangi nyingine ndani. Ukiona rangi ya ndani, muda wake umeisha.

Mkanda wa mkononi nao uwe na kile kidude cha kuteleza cha kubana kifundo. Bila hicho, vidole vikifunguka kamera inatoka na mkanda wake.

Kitazamio

Na kunyakuliwa? Kuna mikanda yenye waya wa chuma ndani, inasaidia?

Bi_Shata

Waya unazuia kisu. Hauzuii kifungo cha plastiki cha kubana pembeni, kile chenye meno mawili, ambacho mtu aliye nyuma yako anakifungua kwa vidole viwili. Kagua mkanda wote kutoka sikio hadi sikio: ukikuta kifungo cha hivyo mahali popote, waya umelipia bure. Kwenye msongamano vaa mshazari, sogeza kamera kutoka nyonga ije mbele ya tumbo, mkono uwe juu ya lenzi, na mkanda uupitishe chini ya koti au chini ya mkanda wa begi la mgongoni. Mkanda wenye jina kubwa la kampuni na namba ya modeli nao unatangaza bei ya ulichobeba.

Ila usiuvae mkanda wa waya ukiwa kwenye pikipiki au karibu na mashine inayozunguka. Usiokatika hauachii, na wewe umo ndani yake.

UtepeImara

Niongezee ukaguzi, kwani mkanda mzuri unaharibika kwenye sm 3 za mwisho tu. Kila mwezi toa ncha zote mbili kwenye masikio, ukunje utepe pale ulipokuwa umekaa. Ukiona manyoya, nyuzi zilizokatika au rangi iliyopauka sana kuliko kwingine, badilisha. Tazama mishono ya kufungia, ile iliyorudiwarudiwa kwenye maungio: uzi mmoja ukiwa umetoka, wa pili unafuata.

Nailoni huvutika zaidi ikilowa na huchoka na jua. Poliesta hunywa maji kidogo na hukaa urefu wake. Ngozi ni nzuri kwa X100V, lakini kwa mtu wa jasho jingi kwenye kilo 1.8 itakauka na kupasuka kwenye matundu ya mishono. Osha utepe kwa maji vuguvugu na sabuni ya kawaida, anika kivulini, na chumvi ya jasho itoke yote. Dawa ya kung'arisha nguo isiguse.

Kitazamio

Nimepitisha upya kama UtepeImara alivyoelekeza. Mvuto wa mara tano, alama haijahama upande wa kulia. Upande wa kushoto imehama kama mm 3.

UtepeImara

Kushoto umepitisha juu ya kidaraja. Fungua, pita chini yake.