Kompyuta 23 zimepigwa Windows 11 usiku mmoja na mpwa wa bosi, barua ya kujieleza nimepewa mimi

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika hapa nimekalia ndoo ya rangi stoo, mbele yangu mashine ya 17 inapigwa upya, mfukoni nina barua ya kujieleza. Nimepewa saa 48. Nisipotoa ya moyoni hapa kwanza, ile barua nitaijibu kwa matusi.

Mimi ndiye IT wa hapa, peke yangu, mwaka wa tano sasa. Kampuni inauza vifaa vya ujenzi jumla na rejareja, pande za Gerezani, Dar es Salaam. Jina silitaji, bado nakula hapo. Kompyuta zipo 24. Tisa ni mpya mpya, zilizobaki ni mitumba ya Dubai, prosesa (ubongo wa kompyuta) za kizazi cha sita kushuka chini. Wanaojua mambo haya wameshaona ninapoelekea. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, inataka TPM 2.0 (chipu ya kutunza funguo za siri), inataka Secure Boot (ulinzi wa wakati mashine inawaka). Masharti hayo yapo tangu 2021 ilipotoka. Hakuna aliyevamiwa usiku.

Machi 2025 nilimpelekea Mzee, yaani bosi, karatasi moja. Siyo ripoti, maana ripoti hasomi. Nikamwandikia kwamba Windows 10 mwisho wake wa kupata apdeti za usalama ni tarehe 14 Oktoba 2025. Hizi 9 tuzipandishe taratibu, moja kwanza, tuijaribu wiki mbili na programu ya mauzo na mashine ya risiti, ndipo nyingine zifuate. Hizi za mtumba tulipie apdeti za nyongeza kwa mwaka mmoja, dola 61 kwa kila kompyuta ya kampuni, huku tukibadilisha chache chache. Kwa mashine 14 (ya 15 imetupwa kando, nitaifikia) ni dola 854, milioni mbili na ushee. Nikamweleza kabisa kwamba mwaka wa pili bei inazidishwa mara mbili na wa tatu hivyo hivyo, kwa hiyo ni dawa ya kusogeza siku tu.

Akaniuliza, "Kijana, hiyo tarehe 14 ikifika zitazima?"

Nikasema, "Hapana Mzee, zitawaka kama kawaida, ila tundu likigunduliwa hakuna wa kuliziba."

"Basi kama zitawaka tuache."

Nikajaribu kumpa mfano wa kirusi cha WannaCry, Mei 2017, kilivyozifunga kompyuta za hospitali za Uingereza wakati kiraka, yaani apdeti ya kuziba tundu, kilikuwa kimetoka tangu Machi ya mwaka huo huo. Akanijibu kwamba sisi siyo hospitali. Mwezi uliofuata ofisi yake iliwekwa viti vipya vya ngozi. Sisemi kitu.

Sasa Ijumaa tarehe 10 Oktoba jioni, kwenye grupu lao la WhatsApp la wafanyabiashara, mtu akatuma sauti kwamba kuanzia tarehe 14 kompyuta zote za Windows 10 zitajifunga na ukitaka zifunguke unalipia kwa dola. Uongo mtupu. Mzee akanipigia anahema. "Wewe umenichelewesha tangu Machi!" Mimi! Kabla sijajibu ameshakata, ameshampigia mtoto wa dada yake anayeflashi simu Makumbusho. Wamekubaliana elfu 20 kwa mashine. Mimi nikaambiwa Jumamosi nipumzike, "vijana wenye spidi" wanaingia.

Dogo kaingia Jumamosi jioni na fleshi moja. Jumapili saa nne asubuhi kamaliza mashine 23. Kwa spidi nampa heko. Zile 14 za mtumba kaziingiza kwa fleshi iliyotolewa ukaguzi, ile inayoruka masharti ya TPM na prosesa. Zinawaka, sawa, lakini zipo nje ya orodha ya wenye Windows, siku apdeti kubwa ikigoma huna pa kulalamika. Kila mashine kafuta C yote, sehemu kuu ya diski. Bakapu? Aliuliza nani?

Na hapa ndipo wenye moyo mdogo wakae. Windows 11 ukiipiga inakudai akaunti ya mtandaoni. Dogo kaweka akaunti yake binafsi. Moja. Kwenye mashine zote 23. PIN zote ni mwaka wake wa kuzaliwa.

Jumatatu tarehe 13, siku moja kabla ya sikukuu ya Nyerere, maana yake wateja wote wa mikoani wanataka mzigo siku hiyo hiyo. Saa mbili kasoro nafika, nakuta desktopu ya kila mtu ina picha ya dogo akiwa na keki. Nikadhani utani. Kumbe OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Windows, imejiwasha na inabeba desktopu, na kwa kuwa akaunti ni moja, ofisi nzima ina desktopu moja. Ukiweka faili mapokezi linaonekana stoo.

Mama mhasibu hajui hayo. Saa tatu kachomeka fleshi yake, kakopi faili la mishahara ya Oktoba kwenye desktopu ili alifanyie kazi. Saa nne jamaa wa stoo ananiuliza kwa upole ule wa hatari, "Mkuu, hivi dereva aliyeajiriwa Julai ananizidi laki na nusu kwa kazi gani?" Nilihisi baridi ya mgongo. Nikakimbia uhasibu. Wakati nakimbia, dada wa mauzo akaona desktopu yake imejaa takataka zisizomhusu, akasafisha. Akafuta vyote, na vyote vikafutika kwa wote, pamoja na ankara za asubuhi. Viko kwenye pipa la taka la ile akaunti, vinakaa siku 30, ila akaunti ni ya dogo na dogo hapatikani. Jumapili usiku alipanda basi kwenda Moshi kwenye harusi.

Tukio la pili ni la kwangu, nalikiri. Barua pepe za mama mhasibu za miaka sita zilikuwa kwenye faili moja ndani ya C. Bakapu yangu ya mwisho ni ya Agosti, kwa hiyo miezi miwili haipo. Nikataka kujaribu kuiokoa kwa fleshi ya uokoaji. Nikaingia BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine kabla Windows haijawaka), nikazima Secure Boot. Mashine ilipowaka ikaleta skrini ya bluu, inadai ufunguo wa tarakimu 48. Nilisahau kabisa kwamba matoleo haya mapya yanafunga diski yenyewe pale akaunti ya mtandaoni inapoingia kwenye mashine yenye TPM, na ufunguo unapelekwa kwenye akaunti hiyo. Akaunti ya nani? Ya mla keki. Kurudisha Secure Boot ningeweza, ila kufikia kilichofutwa bila ule ufunguo hakuna. Alipopatikana saa moja usiku alinisomea namba 48 akiwa juu ya bodaboda, tukakosea mara tatu. Na bado sikupata kitu, ni SSD (diski ya kisasa ya chipu), kilichofutwa humo hakirudi kirahisi. Mama wa watu analia, mimi natazama ukuta.

Lakini kilichomuuma Mzee siyo barua pepe wala mishahara. Ni risiti. Mashine yetu ya kusaini ankara ni ya zamani, inaunganishwa na kompyuta kwa ule waya wa USB wenye kichwa cha pini tisa, wa bei chee. Windows 11 ukiuchomeka inakuandikia wazi kwamba chipu ya waya ule imeachwa tangu 2012, wasiliana na aliyekuuzia. Aliyetuuzia siku hizi anauza mitungi ya gesi. Waya haufanyi kazi, ankara haisainiwi, risiti haitoki, na kuuza bila risiti ni kosa kisheria. Fuso nne zimejipanga nje. Kuna mteja katoka Mahenge, kalala njiani, anataka mabati na misumari aondoke. Kuanzia saa mbili hadi saa tisa alasiri hatujauza hata kilo ya misumari. Haya ndiyo ningeyakuta kwenye zile wiki mbili za majaribio nilizoandika Machi, kwa hasara ya mchana mmoja na kompyuta moja.

Mnajua kilichotuokoa? Bibi. Kompyuta ya 24, ipo nyuma ya magunia ya saruji, dogo hakuiona kwa sababu imefunikwa na khanga. Windows 10 ya biti 32, RAM GB 2, ila nyuma ina tundu halisi la pini tisa. Nikaipangusa, nikaichomeka moja kwa moja, nikarudisha programu ya ankara. Ikatoa risiti ya kwanza saa tisa na dakika kumi. Mteja wa Mahenge akapiga makofi. Bibi sijamwingiza kwenye intaneti na wala hatoingia, mashine ya risiti ina laini yake ya kutuma taarifa.

Basi Nyerere nimemuenzi nikiwa stoo, napiga upya mashine moja moja, natoa akaunti ya dogo, naweka za ofisi, nahifadhi funguo kwenye karatasi ndani ya sefu. Zile 14 nazirudisha Windows 10 mpaka zilipiwe au zibadilishwe. Leo asubuhi barua. "Ueleze kwa nini usichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kushindwa kusimamia zoezi la uboreshaji wa kompyuta." Zoezi niliambiwa nipumzike! Dogo kalipwa 460,000 taslimu Jumapili ile ile kabla ya basi.

Nakala ya karatasi ya Machi ninayo, ina sahihi ya katibu muhtasi aliyeipokea na tarehe. Naiambatanisha, sina la kuongeza.

Swali langu kwenu wenye uzoefu: nani anajua duka Kariakoo lenye waya wa pini tisa wa chipu mpya inayokubali Windows 11, siyo hizi feki? Nimeshajaribu tatu, zote zinasoma dakika tano kisha zinakata. Bibi juzi alianza kupiga kelele ya feni.