Tupeane uzoefu: Ni jambo gani limepunguza kweli matumizi ya nyumbani kwako?

Ndugu wanachama, ushauri wa kubana matumizi tumeupokea sana, lakini mara nyingi hautuambii tubane wapi. Naomba kila atakayechangia aeleze jambo alilolifanya mwenyewe, hali ilivyokuwa kabla yake, na jinsi alivyotambua kwamba limemsaidia.

Naanza mimi. Kwa miezi miwili, mwenzangu na mimi tuliandika kwenye daftari kila kilichotoka mfukoni, hata kiwe kidogo namna gani, bila kupunguza chochote kwanza. Tulikuwa na hakika kwamba fedha zetu zinaliwa na bili, kumbe zilikuwa zikiishia kwenye safari za dukani: tulikwenda karibu kila siku kufuata kitu kimoja, tukarudi na vitatu. Sasa tunanunua mara moja kwa wiki, kwa orodha iliyoandikwa baada ya kukagua kilichobaki kabatini, na kikisahaulika kitu kinasubiri wiki ijayo. Mwezi wa kwanza wa utaratibu huo tulibakiwa na fedha za kutosha kulipia maji kwa miezi miwili.

Mchangiaji wa kwanza
Kwetu ilikuwa umeme. Kila jioni niligombana na watoto kuhusu taa, mpaka nilipoanza kusoma mita asubuhi na usiku nikagundua kwamba nilikuwa nikiwaonea. Uniti moja ni sawa na wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Hita yetu ya maji ni ya wati 3,000, kwa hiyo kila saa inapochemsha inakula uniti tatu, ilhali balbu ya LED ya wati 9 ingeweza kuwaka zaidi ya saa 300 kabla ya kufikisha kiasi hicho. Sisi tuliiacha hita ikiwa imewashwa usiku kucha, nayo ikawa inayapasha moto tena na tena maji yasiyotumiwa na mtu. Siku hizi tunaiwasha muda mfupi kabla ya kuoga, kisha tunaizima.

Hata hivyo, sisemi kwamba taa hazina maana. Balbu tano za zamani za wati 60, zikiwaka saa tano kila siku, hula uniti 45 kwa siku 30, lakini za LED za wati 9 kwa muda huohuo hazifikishi uniti saba. Tulizibadilisha moja moja, tukianza na ile ya jikoni kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikiwaka muda mrefu zaidi.

Mchangiaji wa pili
Nasi mita ndiyo iliyotufumbua macho, ila ya maji. Niliisoma watu wote walipokwisha kulala, nikaisoma tena alfajiri kabla ya mtu kufungua bomba, na namba zilikuwa zimesogea. Nilitia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, nikakaa robo saa bila kuvuta maji, na rangi ikaonekana chini kwenye bakuli. Mpira wa ndani ya tangi ulikuwa umechakaa, na kuubadilisha kulichukua muda mfupi kuliko muda niliotumia kuutafuta.

Mchangiaji wa tatu
Mimi nitazungumzia mikopo, kwa sababu naamini hakuna balbu wala bomba litakaloiokoa familia inayolipa riba kila mwezi. Kila muhula ulipoanza nilikopa ada za watoto kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, na kwa kuwa asilimia 10 inasikika kuwa ndogo, sikuwahi kukaa nikapiga hesabu. Siku nilipoipiga nilinyamaza kwa muda mrefu. Deni la namna hiyo likikaa mwaka mzima bila kulipwa, na riba ikawa inaongezwa juu ya deni kila mwezi, kila mia moja uliyokopa inageuka kuwa zaidi ya mia tatu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ada haikuwa dharura hata kidogo, kwani tarehe zake nilizijua tangu mwanzo wa mwaka. Basi niliorodhesha gharama zote zinazokuja mara chache lakini haziepukiki, yaani ada, sare, bima na matengenezo ya nyumba, nikazijumlisha na kugawa kwa 12. Kiasi kilichopatikana nakihamishia kwenye akaunti nyingine siku ileile ninayopokea mshahara, kabla sijanunua chochote. Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu, kwa maana nilikuwa nikilipa deni la zamani huku nikiweka akiba mpya, na kwa miezi kadhaa niliweza kuweka nusu tu ya kiasi hicho. Lakini hata nusu ile ilipunguza mkopo uliofuata, na ule uliokuja baada yake ukawa mdogo zaidi.

Mchangiaji wa nne
Naomba kutofautiana kidogo na wanaosifu kununua kwa jumla. Tulijaribu, na vitu vingine viliharibika kabla ya kuvimaliza, na vingine tulivitumia bila kipimo kwa sababu tuliviona vipo tele. Zaidi ya hayo, pakiti kubwa si rahisi wakati wote: nagawa bei kwa uzito, na mara kadhaa nimekuta ile ndogo ndiyo nafuu. Sasa kwa jumla nanunua sabuni na vitu vingine visivyooza tu.

Mchangiaji wa tano
Jikoni, tulianza kufunika sufuria na kupunguza moto mara chakula kinapochemka, kwa kuwa maji yakishachemka kwenye sufuria ya kawaida hayaongezeki joto hata ukizidisha moto. Yanachofanya ni kukauka haraka. Kwa vyakula vigumu tunatumia sufuria ya presha, ambayo ndani yake joto hufika karibu nyuzi 120, ndiyo maana huivisha kwa muda mfupi sana. Mtungi wetu wa gesi sasa unatuchukua wiki moja zaidi.

Mchangiaji wa sita
Mimi niwasihi wazazi wenzangu msijibane ninyi peke yenu. Nilifanya hivyo kimyakimya, nikaahirisha kutibiwa jino mpaka likalazimika kung'olewa, na gharama ikawa kubwa kuliko ile niliyoikimbia. Tangu niliposoma bajeti mbele ya familia yote, watoto ndio wanaonikumbusha kuzima hita.

Mwanzisha mada
Nawashukuru nyote. Mchangiaji wa tatu, mwezi ambao kipato chako kinapungua unafanyaje na ile akaunti ya pili?

Mchangiaji wa tatu
Naweka kidogo, lakini siachi kuweka. Ninachopungukiwa nakiandika ukurasa wa mwisho wa daftari kama deni ninalojidai mwenyewe, na mwezi kipato kinapoongezeka nalipa hilo kwanza. Hadi sasa ukurasa huo una mistari minne, na mitatu nimekwisha kuikata.