Zinki, alumini au mfumo wa umeme kwa chombo kinacholala mlango wa mto?

Mkuku
Wakuu, salaam. Nina chombo cha chuma cha mita 11. Sehemu kubwa ya mwaka kinalala mlango wa mto, wiki chache tu kinatoka bahari kuu. Mwaka jana nilifunga zinki mpya 8 za kuzuia kutu. Juzi nimekipandisha, zote zipo, hazijapungua hata robo, ila zimevaa ganda jeupe gumu kama chokaa. Waliokuwepo wakanipongeza kwamba zimedumu. Nilipopitisha kidole karibu na shafti ya propela nikakuta vishimo, na kimoja ncha ya kidole inazama. Sasa nirudie zinki, niende alumini, au nifunge mfumo wa umeme? Naomba ulinganisho wa waliovitumia.

FundiBodi
Pole sana mkuu. Zinki ni anodi, yaani metali iliyowekwa ili ilike badala ya chuma. Kama haijalika, kilicholika ni chombo chako. Kwenye maji yenye chumvi kidogo zinki hujifunika ganda hilo uliloliona, na umeme wa kulinda chuma haupiti tena.

Alumini, nasema ile aloi (mchanganyiko wa metali) ya anodi yenye zinki na indiamu kidogo, huendelea kufanya kazi baharini na kwenye maji ya mchanganyiko. Tena kilo moja ya zinki hutoa takriban ampea-saa 780, wakati kilo ya aloi ya alumini hufika karibu 2,500. Kwa hapo unapolaza, nenda alumini.

Swali: chini ya zinki ulikwangua rangi hadi chuma kitupu?

Mkuku
Hapana fundi. Nilipaka rangi chombo kizima, kisha nikafunga zinki kwa bolti juu yake.

FundiBodi
Basi hata alumini isingekuokoa. Anodi lazima igusane na chuma, metali kwa metali. Chomelea vile vyuma vyake vya kushikia, au safisha sehemu ya bolti mpaka ing'ae. Na anodi yenyewe usiipake rangi kamwe.

Tezi_na_Omo
Nakubali kuhusu mto, ila watu wasiondoke hapa wakidhani zinki haifai. Chombo changu hakijawahi kuonja maji ya mto, na zinki zake nazikuta zimelika vizuri kila nikipandisha, zimebaki kama nusu. Kwenye maji ya bahari zinki hutulia karibu na volti -1.03, aloi ya alumini inasogea hadi -1.10. Kwa bodi (mwili wa chombo) ya chuma cha kawaida zote zinatosha. Usichanganye tu hizo mbili kwenye chombo kimoja, maana alumini itabeba mzigo wa zinki pia. Na ukishauriwa magnesi, kataa. Iko karibu -1.5, hiyo ni ya maji yasiyo na chumvi. Baharini huisha upesi na kuibandua rangi.

Waya_Mbili
Niseme kuhusu mfumo wa umeme kwa sababu ndio kazi yangu. Kifaa husukuma umeme wa kulinda bodi kupitia anodi za titani zilizopakwa oksidi, na elektrodi ndogo, yaani kipande cha kupimia volti majini, hukiambia kiongeze au kipunguze. Kwa meli kubwa ni mzuri sana, anodi hukaa miaka mingi. Lakini unataka umeme saa 24 na mtu wa kuusimamia. Nimewahi kukuta chombo ambacho waya zilifungwa kinyume, chanya kwenye bodi, na bodi yenyewe ikawa ndiyo anodi. Kilichotokea kwa miezi michache sitaki kukiona tena. Kwa mita 11 iliyotia nanga, sikushauri.

BiKipimo
Ndugu zangu, mmeshindana kuhusu cha kufunga, lakini Mkuku atajuaje mwakani kama kinafanya kazi? Alishadanganywa na macho mara moja.

Tafuta elektrodi ya fedha na kloridi ya fedha, uishushe majini karibu na bodi. Waya mmoja wa multimita kwake, wa pili kwenye chuma kitupu cha chombo. Chuma kisicholindwa husoma kama volti -0.65. Unataka -0.80 au hasi zaidi, bila kupita -1.10, maana huko rangi huanza kubanduka na bolti za chuma kigumu zinaweza kupasuka kwa hidrojeni. Pima omo (mbele), katikati, tezi (nyuma), na pale penye shafti. Kwa kuwa unalala mtoni, chukua elektrodi yenye myeyusho wake wa chumvi ndani. Ile iliyo wazi hutegemea chumvi ya maji, na namba zitakupotosha.

Kabla hakijarudi majini, kipimwe unene kwa mawimbi ya sauti, kwa njia isiyohesabu rangi. Chora miraba kwa chaki ili mwakani urudi palepale. Vishimo vipime kina kimoja kimoja, kwa sababu kichwa cha kipimo kinaweza kuruka kishimo chembamba.

Na uingie ngama, kule chini kabisa ndani ya chombo. Anodi za nje hazilindi ndani hata kidogo. Bodi nyingi nilizozikuta zimetoboka zilianzia ndani, chini ya maji machafu yaliyotuama.

Tezi_na_Omo
Dada amesema kweli. Na juu ya mstari wa maji, panaporushiwa mawimbi, anodi haifiki. Hapo tegemeo ni rangi. Osha chumvi kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kupaka rangi ya epoksi, ikibaki chini huvuta maji na rangi inaota malengelenge.

Mkuku
Nimerudi wakuu, wiki 6 baadaye. Bamba la milimita 6 karibu na shafti lilibaki 3.9, tumelikata na kuweka jipya. Ngama imekwanguliwa na kupakwa. Alumini zimechomelewa. Leo asubuhi omo inasoma -0.97, katikati -0.98, tezi -0.94. Shafti yenyewe inasoma -0.71.

BiKipimo
Bodi iko salama. Shafti haijaungana na bodi, grisi ya beringi imeitenga. Iwekee brashi ya kupitisha umeme kati yake na bodi, kisha upime tena.