Mrejesho: udongo wa bonde la mpunga Pemba na ule wa mito ya jangwani
Ahsanteni. Niliuliza kama udongo wa bondeni kwetu unaingia kundi moja na ule unaoletwa na mito ya jangwani. Ni ndugu, lakini si kundi moja: aina zote mbili ni za jamii kubwa ya Entisoli, yaani udongo wa umri mdogo, wenye matabaka, na kaboni yake haipungui kwa mpangilio ukienda chini.

Wa jangwani ni Torrifluventi: mkavu muda mrefu, chokaa haisombwi, pH (kipimo cha uchachu) mara nyingi hupita 8, tone la asidi hutoa povu. Wetu haukutoa povu. Chini ya sentimita 30 ni kijivu wenye mabaka ya kutu, alama ya maji kutuama. Basi ni Fluvakwenti, kundi la Entisoli za mahali panapotuama maji.

Mkipima karibu na pwani, ondoeni kwanza vipande vya makombe. Navyo hutoa povu, vikapotosha jibu.