Tisheti za bendi za metali zinafika Karume, wenyewe hawafiki. Hizi ziara za "dunia" ni dunia ipi?

Wakuu salaam. Mods naomba huu uzi msiutupe jukwaa la vichekesho kama mlivofanya ule wa mwaka jana, hapa nimekasirika kweli kweli.

Jumamosi alfajiri nimepita Karume, soko la mitumba, kama kawaida yangu, robota la tisheti linafunguliwa mapema sana na ukichelewa unakuta zimebaki za mbio za hisani na za kampuni za rangi. Nachambua nachambua mkono ukagusa kitambaa cheusi kizito, nikavuta, Eddie, lile fuvu lao la kwenye picha, huyu hapa kanitolea macho. Iron Maiden, bendi ya metali (rock nzito) ya Uingereza, ziara ya 2016, ori kabisa siyo hizi za kuchapa Kariakoo. Nageuza mgongoni, miji imeshuka kama orodha ya madeni kwenye daftari la mangi, Gothenburg ipo, chini kabisa Wacken, na juu yake herufi kubwa WORLD TOUR. Dogo anaeuza akaniambia "bro chukua hiyo, buku tano tu, fuvu lake halichuji". Fuvu lake halichuji! Nimesimama pale nasukumwa na kina mama wanaotafuta za watoto, nausoma ule mgongo mji mmoja mmoja kama mtu anaetafuta jina lake kwenye matokeo ya form four. Hatupo.

Sasa naomba mtu anieleze, dunia ipi hiyo?

Maana Metallica, wale wa metali wa Marekani, na hili nilisemaga nikaambiwa naongopa, Metallica tarehe 8 Desemba 2013 walienda kupiga Antaktika. Ndiyo, kule kwenye barafu, kituo cha utafiti cha Argentina kinaitwa Carlini, wakajengewa kibanda kama kuba, watu kama mia na ishirini hivi, na ili wasisumbue mazingira hawakutumia hata spika za nje, kila mtu kavaa hedifoni. Wakajisifu wamemaliza mabara yote saba ndani ya mwaka mmoja. Na kwenye hayo saba Afrika imo, eti, kwa sababu Aprili mwaka huo huo walipiga Cape Town na Johannesburg. Basi Afrika imekwisha hapo, tiki, tunaendelea. Yaani pengwini wa Antaktika wana nafasi ya kusikia wimbo wao Master of Puppets laivu kabla ya mtu wa Tabata.

Na msiniletee habari za ugumu wa usafiri. Maiden hao hao mwaka 2016 walikuwa na ndege yao Boeing 747, Ed Force One, na anaeirusha ni Bruce Dickinson mwenyewe, mwimbaji, ambae ni rubani mwenye leseni. Mwezi wa tatu wakiwa Santiago kule Chile ndege ikagongana na kigari cha kuivutia, injini mbili zikaharibika. Unafikiri ziara ilikufa? Walikodi usafiri mwingine wakaendelea kupiga, ndege ikabadilishiwa injini ikawafuata. Mwezi wa tano wakapiga Cape Town na Johannesburg halafu huyooo Ulaya. Kutoka Johannesburg kwenda Ulaya unapitia wapi bhana kama siyo juu ya vichwa vyetu Waafrika? Kuna usiku mmoja wa Mei 2016 mi nilikuwa nafunga AC kwenye nyumba ya mtu, na inawezekana kabisa wakati nahangaika na bomba la kopa Bruce alikuwa huko juu anakunywa chai.

Mimi siyo mjinga, najua mahesabu yao. Ulaya wanapakia malori usiku, asubuhi wapo mji mwingine, barabara nzuri, kila mji una ukumbi wenye umeme wa kutosha na paa linalobeba tani za taa. Huku ukitoa Afrika Kusini kila kitu kipande ndege au meli, halafu promota anatakiwa aweke hela mezani kabla hawajafungua hata sanduku la gitaa. Sawa, nimeelewa. Lakini si ndo hao hao wamepiga hedifoni kwenye barafu? Njooni na ampu tatu na ngoma seti moja, hatutaki moto, hatutaki Eddie wa kupuliza, Mkapa watu elfu sitini hatutajaza najua, tupeni hata ukumbi wa harusi Sinza tutatandika maturubai wenyewe.

Ila ukweli wenyewe ni hela tu. Saudia, ambako miaka michache tu nyuma tamasha la muziki hadharani lilikuwa mwiko, Metallica wamepiga Riyadh Desemba 2023. Abu Dhabi walikuwa wameshapiga 2011, wakarudi 2013. Wenye mafuta wakiita wanakuja. Sisi tuna karafuu.

Na tukitaja karafuu, hivi kuna watu duniani wana haki ya kudai rock kuliko Wazanzibari? Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, kazaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi, familia ikaondoka 1964 baada ya Mapinduzi. Leo ukienda Shangani watalii wamepanga foleni wanapiga picha na mlango, kuna makumbusho, kuna fulana, kuna sumaku za kubandika kwenye friji. Gitaa la umeme sasa, lipo wapi? Ngome Kongwe jukwaa lipo, miaka mingi tamasha la Sauti za Busara limejaza watu pale na nalipenda sana. Mi naomba usiku MMOJA tu ndani ya mwaka wa kupiga kelele kwa heshima ya mtoto wa pale pale. Queen wenyewe 1984 wakaenda Sun City kwa makaburu na dunia nzima ikawalaani, yaani hata walipokuja Afrika walikosea mlango.

Haya, mtaniambia kama wao hawaji si uwafuate. NILIWAFUATA. Hapa ndo kwenye kidonda chenyewe sasa.

Mwaka 2025 nilidunduliza. Nina fremu ya majokofu na AC, msimu wa joto nikawa napiga kazi hadi Jumapili, mama watoto akawa ananiangalia tu. Nikakata tiketi ya tamasha moja kubwa la metali Ulaya, mwezi wa nane, zaidi ya yuro 300, hairudishwi. Nikaomba viza. Nchi siitaji, zote ni zile zile tu. Yuro 90 ada, nayo hairudi. Bima ya safari lazima ikukinge mpaka yuro 30,000. Karatasi za benki, leseni ya biashara, barua ya serikali ya mtaa yenye muhuri ambao mwenyekiti aliupiga kwa nguvu mpaka ukatokea upande wa pili, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto wawili. Nikaulizwa unaenda kufanya nini, nikasema kusikiliza muziki. Muziki gani? Metali. Yule dada akainua macho akaniangalia, kipara, shati la kitenge alilolishona shemeji yangu maalum kwa ajili ya hiyo siku, akaandika kitu kirefu sana.

Sasa wakati nasubiri majibu ndo ikafika ile tarehe 5 Julai, Black Sabbath, baba zao wote hawa wa metali, wanaagana uwanja wa Villa Park kwao Birmingham, wanne wale wa mwanzo pamoja kwa mara ya kwanza tangu 2005. Hiyo hata sikuiota kuifuata, nikalipia kuangalia mtandaoni, bando nimejaza, simu nimeiegemeza kwenye jagi la maji, spika ya bluetooth chini chini watoto wasiamke. Gojira wamepita, Slayer wamepita, Metallica wamepita. Inarushwa kwa kuchelewa masaa mawili kwahiyo huku ni usiku wa manane. Ozzy, mwimbaji wao, anapanda kutoka chini ya jukwaa amekaa kwenye kiti cheusi cha kifalme, miguu haimbebi tena, ugonjwa wa Parkinson, lakini mikono anaipiga makofi kama mtoto na macho yale yale ya mwehu. Mi mtu mzima na ndevu zangu nalia jikoni. Wameingia wimbo wa Iron Man, lile gitaa la mwanzo, taaa, taaa, BANDO LIKAKATA. Nakwambia. Kununua lingine menyu inazunguka, inazunguka, namba ya siri nakosea vidole vinatetemeka, narudi nakuta wimbo wa mwisho, Paranoid, unaisha na vitu vya kung'aa vinamwagika juu ya watu.

Siku 17 baadae, tarehe 22, Ozzy kafa. Na katikati ya hizo siku 17 ndo barua yangu ilitoka. Siyo barua hata, ni fomu, ina visanduku, kimoja kimewekwa tiki: kuna mashaka ya msingi kuhusu nia yako ya kuondoka kabla viza haijaisha. Eti nitazamia. Mi nizamie wapi? Kwenye matope? Yale matamasha mvua ikinyesha magari yanavutwa na trekta, tamasha la Wacken kule Ujerumani 2023 tope lilizidi mpaka wakafunga mageti wakati maelfu wenye tiketi bado wako njiani, mtu mwenye fremu yake Tabata akazamie kwenye hema? Nimeisoma ile tiki mara nyingi kuliko nilivosoma cheti changu cha VETA.

Ndo maana nina hasira wakuu, kwa sababu hawa watu hawatusubiri, wanakufa. Dio, aliyewahi kuimba Sabbath, 2010. Lemmy wa Motörhead Desemba 2015, siku nne baada ya kutimiza miaka 70. Chester wa Linkin Park 2017. Slayer waliaga 2019 nikaomboleza, 2024 wakarudi, nikafurahi, kumbe wamerudi kwa wale wale wa kila siku. Hata hao Maiden leo wakija, mpiga ngoma wao Nicko McBrain ameshaacha ziara tangu Desemba 2024, kwahiyo ile Maiden ya kwenye tisheti yangu haipo tena, imebaki tisheti.

Wanaoniuma zaidi ni Sepultura. Hawa siyo watoto wa Ulaya, ni Wabrazili wa Belo Horizonte, walianza 1984 wakiwa madogo wa mtaani, nchi ya joto na udikteta na vifaa vya kuungaunga, 1996 kwenye albamu ya Roots wakaenda kurekodi na Waxavante, wenyeji wa asili wa Brazil, kijijini kwao, ngoma za ngozi na gitaa lililolegezwa nyuzi, ukimpigia mzee yeyote wa ngoma huku atatikisa kichwa kabla hajajua ni nini. Ule muziki ni wetu kabisa. Machi 2024 wakaanza ziara ya kuaga. Ya kuaga! Mtu hujawahi hata kunikaribisha unaniaga?

Na mtu asiseme huku hakuna mashabiki. Botswana watu wanavaa ngozi na vyuma kwenye jua la Kalahari, Overthrust walitoka kule wakapiga Wacken 2016. Nairobi bendi zipo miaka na miaka, nilishapanda basi usiku kucha kwenda kuangalia vijana wakipiga baa ya ghorofani, shingo ikaniuma siku nne. Duma wametoka Nairobi hapo hapo, albamu yao ya 2020 ikatolewa na watu wa Kampala, Nyege Nyege Tapes, wazungu wakachanganyikiwa, huku nyumbani ukitaja Duma wanakuuliza yule mnyama?

Za hapa Dar ndo usiseme. Kuna jamaa waliandaa "usiku wa rock", elfu ishirini mlangoni, bendi laivu wameandika kwenye bango. Tukaenda saba, tumevaa nyeusi kwenye joto lile, tumejipanga kaunta kama wafiwa. Bendi haikuonekana. DJ kapiga Linkin Park mbili, halafu amapiano mpaka kunakucha. Nikamfuata mwandaaji akanigonga bega, "kaka rock ni vaibu tu". Bora angepiga singeli! Nasema kwa moyo mweupe, singeli ya Manzese ina kasi kuliko thrash (metali ya mbio) nyingi na wale MC wanatema kama wamelishwa pilipili, pale ningekaa.

Najua watakuja wa "muziki wa kishetani". Mama yangu mzazi ni mwanakwaya, aliwahi kunikuta nasikiliza, akasimama mlangoni kidogo akasema "huyu kijana ameumia, kwao wanajua?" Akaenda zake kupika. Kwahiyo kama mama ameshanisamehe nyie wa humu mna lipi.

Haya, mwenye taarifa ya bendi YOYOTE inayokuja karibu, hata Addis, hata Lusaka, aweke hapa. Siyo tribute (bendi za kuiga), siyo DJ.

EDIT: Mnaoniuliza inbox, tisheti nimeipata buku nne, nilimuonesha dogo tundu la sigara karibu na kwapa akapunguza. Siuzi.

EDIT 2: Na wewe unaesema nishone hilo tundu, usiniguse kabisa.