Yurea bondeni: imekwenda wapi na mpunga bado njano?

MwanaBonde
Assalamu alaykum. Jaruba lina maji ya kifundoni, mbolea ya yurea imemwagwa mchana juu ya maji. Siku ya kumi leo, mpunga njano vilevile. Irudiwe?

FundiUdongo
Waalaykum salaam. Usirudie kwanza. Mfuko wa kilo 50 una naitrojeni, chakula chenyewe cha mmea, kilo 23 tu, na sehemu kubwa huenda imesharudi hewani. Yurea ikiingia majini hugeuka amonia kwa siku mbili tatu. Yatazame maji saa saba mchana: ule ukijani unaoelea ni mwani. Juani hunyonya kaboni dioksidi, maji yakawa kama yametiwa magadi, pH (kipimo cha uchachu na umagadi, 7 ndio katikati) ikafika 9 au kuzidi. Hapo amonia inapaa, na upepo ukivuma ndio kabisa.

Pia jaruba lisiwe la kukauka na kujaa, kukauka na kujaa. Likikauka, bakteria hugeuza amonia kuwa naitreti. Likijaa tena, bakteria wa kwenye tope jeusi, kwa kukosa oksijeni, huitumia naitreti kupumulia na kuitoa kuwa gesi ya naitrojeni, ileile ambayo ni asilimia 78 ya hewa.

Siku ya kutia, fungua tuta, toa maji mpaka tope libaki linang'aa. Mwaga jioni, kesho yake rudisha maji polepole na uyatunze. Bora zaidi, ifinyange ndani ya vidonge vya tope, uvizike sentimita 7 hadi 10, kimoja katikati ya mashina manne. Huko chini udongo unaishika.

Shamba_Pemba
Kabla ya yote, majani yepi yana njano? Ya chini yakianza, ni naitrojeni, maana mmea huihamishia kwenye majani machanga. Yakianza machanga, tafuta upungufu wa salfa au chuma.

Ukishavuna, panda kunde au choroko, vinundu vya mizizini mwake huvuta naitrojeni ya hewani. Zikitoa maua chimbua shina moja kwa jembe (ukiling'oa vinundu hubaki ardhini), pasua kinundu kwa ukucha. Chekundu kama nyama, kinafanya kazi. Cheupe au kijani, hakina faida. Kunde usizitie yurea nyingi, zitaacha kutengeneza vinundu.

MwanaBonde
Ni ya chini.

Maweni
Basi fuata njia ya vidonge. Wenzetu wa maweni, nyinyi gaweni dozi ndogondogo: naitreti haishikwi na udongo, mvua huipitisha nyufani mpaka kisimani, halafu baharini. Kiwango cha juu cha naitreti katika maji ya kunywa, kwa mujibu wa WHO (Shirika la Afya Duniani), ni miligramu 50 kwa lita. Ikizidi hapo, mtoto mchanga asipewe maji hayo, wala kuyachemsha hakusaidii, naitreti inabaki.