Lenzi ya potreti kwa Canon 200D: 50mm au nisubiri 85mm?

KijanaWaUmoja
Wadau, habari za jioni. Nina kamera ya Canon 200D na ile lenzi ya 18-55mm iliyokuja nayo. Nimeanza kuitwa picha za mahafali na za wachumba, nyingi kwenye bustani za Arboretum na Uhuru Gardens. Wengine wanataka ndani, na "studio" yangu ni chumba kimoja hapa Umoja, Nairobi, mita 3 kutoka mlangoni hadi ukuta wa pili. Wote wanataka nyuma ilainike, uso utokeze. Bajeti ni elfu 25. Rafiki yangu anasema nijikusanye ninunue 85, eti 50 ni ya wanaoanza. Mnasemaje?

MamaLenzi
Mdogo wangu, anza na chumba chako, si na rafiki yako. 200D ina sensa ndogo (kile kipande kinachonasa picha), kwa hiyo inabana picha kana kwamba lenzi ni ndefu zaidi. Zidisha kwa 1.6: 50 inakuwa kama 80, na 85 inakuwa 136. Kumpata mtu kutoka kichwani hadi viatuni, kamera ikiwa wima, 50 inataka mita 4 na nusu, 85 inataka 7 na nusu. Kuanzia kiunoni kwenda juu, 50 ni mita 2 na kidogo, 85 karibu 4. Na mteja hawezi kubandikwa ukutani. Hiyo 85 utaipigia koridoni, majirani wakikupita na ndoo. Nunua 50mm f/1.8 STM (f ni tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu ni pana na nyuma inalainika zaidi; STM ni aina ya mota ya fokasi).

MpigaHarusi_254
Nakubali nusu. Arboretum nafasi ipo na 85 ni tamu sana pale. Shida, mteja ambaye hajazoea kamera ukimwelekeza kwa kupaza sauti kutoka mita 7, anazidi kukakamaa.

Halafu tuache hadithi kwamba lenzi ndiyo inaharibu sura. Ni umbali. Msogelee mtu hadi nusu mita, pua itavimba. Rudi mita 2, pua inarudi mahali pake, lenzi iwe yoyote ile.

KivuliTu
Mnabishana milimita na huyu anapiga mahafali saa saba mchana! Nairobi tuko karibu na ikweta, jua la mchana liko juu mwaka mzima, macho yanakuwa mashimo. Hakuna lenzi ya kutibu hiyo. Piga kabla ya saa nne asubuhi au kuanzia saa kumi jioni. Ukilazimika mchana, mtoe juani, mweke ukingoni mwa kivuli cha mti, uso uangalie upande ulio wazi.

Joho jeusi nalo likijaza fremu, kamera inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, ngozi inapauka. Akiwa mbele ya anga jeupe ni kinyume, uso unazama. Pima mwanga usoni.

KijanaWaUmoja
Shukrani sana. Nikipata 50, niiache kwenye 1.8 tu? Nimeona picha za wachumba mmoja ameshika fokasi, mwenzake ukungu mtupu.

MamaLenzi
Hapana! Ukiwa mita moja na nusu, f/1.8 inakupa kama sentimita 6 tu zilizoshika fokasi. Mtu akigeuza uso, jicho moja limekwenda. Mtu mmoja piga f/2.8, wachumba f/4, na vichwa vyao viwe umbali sawa na kamera. Fokasi iwe jicho lililo karibu nawe. Kasi ya shata isishuke chini ya 1/160 ya sekunde, heri upandishe ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga). Ukitaka nyuma ilainike zaidi, mtoe mteja mbali na ukuta au miti. Hata hiyo 18-55 yako itakupa kitu ukiivuta hadi 55.

Fundi_wa_Tochi
Ukienda ya mtumba, beba kamera yako na tochi ya simu. Mulika ndani: ukiona nyuzinyuzi kama za utando, hiyo ni kuvu, iache hata kama bei inavutia. Angalia imeandikwa EF au EF-S (aina za lenzi zinazoingia kwenye kamera yako), ya RF haiingii kwenye 200D. Na uliza kama ni STM. Ile 50mm f/1.8 ya zamani, iitwayo II, shingo yake inayoingia kwenye kamera ni ya plastiki.

KijanaWaUmoja
Jumamosi naingia mjini na tochi. Huyu rafiki yangu wa 85 namtumia uzi huu sasa hivi.

MpigaHarusi_254
Mwambie akikuja na ya kwake, mpigie koridoni 😂